Pelele Apewa Timu

Pelele alikuwa kocha msaidizi wa timu ya kandanda ya Chuo cha Kichuguuni, na wachezaji wote walimpenda. Kila mara Kifaru, kocha mkuu, alipomwacha mchezaji nje, Pelele alimfuata mchezaji huyo na kumnong'oneza, "Usijali, mwanangu. Ningekuwa mimi, ungecheza."

Kifaru alipostaafu, Pelele akapewa timu. Siku ya mechi yake ya kwanza wachezaji wote ishirini walikuja wamevaa jezi, kila mmoja akitabasamu.

"Wanaoanza ni kumi na mmoja tu," alisema Pelele.

"Na mimi nimo," alisema Paa, huku akichechemea. "Uliniahidi, kocha."

"Hata mimi!" wengine wakadakia.

Pelele akamkimbilia Kifaru, aliyekuwa ameketi jukwaani akitafuna majani.

"Mzee, nisaidie. Nikiwaacha watanichukia. Nikiwapanga ovyo tutafungwa, nami nitafukuzwa. Wewe uliwezaje?"

"Mimi niliwakatalia, wewe ukawafuta machozi," alijibu Kifaru kwa upole. "Kazi nyepesi nilikuachia wewe, Pelele. Leo umepewa ile yangu."

Pelele akarudi taratibu uwanjani.

"Paa, mguu wako haujapona. Leo hutacheza."

Paa akaondoka akilia, moja kwa moja hadi kwa Kanga, kocha msaidizi mpya. Kanga akamfunika kwa bawa.

"Pole, mwanangu. Ningekuwa mimi..."

Pelele aliyasikia maneno hayo yote. Kisha akamwita mchezaji aliyefuata.