Herufi Mbili

Ubao wa kazi wa Bi. Sikitu, kama ubao wa kila nyumba mjini, ulikuwa na safu tatu: Bado, Inafanyika, Tayari. Kazi ikifanyika, kadi yake husogea yenyewe. Ikikwama siku saba, hugeuka nyekundu, na afisa hutumwa kuja kuikwamua.

Kufagia, kuchemsha chai, kumwagilia mchicha, zote zilipita bila shida. Kadi moja tu ilikuwa imekwama tangu mumewe azikwe: "Kuagana mlangoni."

Afisa aliyekuja alikuwa binti mpole. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai." Vikombe viwili vilikuwa vimeshawekwa mezani.

"Ahsante, mama, ila kuna nyumba nyingine zinanisubiri." Akaitazama ile kadi. "Hii inataka watu wawili, na humu uko peke yako. Ndiyo maana inakwama."

"Najua," alisema Bi. Sikitu. "Iache tu."

"Siruhusiwi. Lakini sitaiondoa, nitairekebisha." Kwa ncha ya kidole akafuta herufi mbili, "na". Kadi ikabaki inasomeka: "Kuaga mlangoni." Kisha akatoka haraka, hata chai hakuigusa.

Kesho yake Bi. Sikitu alichukua kikapu cha sokoni, akasimama mlangoni, akakigeukia kiti cha mumewe.

"Haya, mie natoka," akasema.

Kadi ikateleza hadi Tayari. Ubao mzima ukawa wa kijani, na hapakuwa tena na sababu ya mtu yeyote kuja kubisha hodi.