Ukingo wa Kushoto

Mstari wa ukingo wa kushoto wa barabara uligoma. Kila alipouinua, mtaro uliofungwa nao ulipanda pamoja nao, kalvati, lile bomba la kuvushia maji chini ya barabara, ikaachwa chini peke yake, na alama nyekundu ikawaka kwenye kioo cha kompyuta. Akaushusha tena. Mishale ya buluu, ile inayoonyesha maji ya mvua yatakimbilia wapi, ikageuka yote kwa mpigo na kuteremka bondeni, moja kwa moja hadi kwenye kimraba kidogo upande wa kushoto wa barabara.

Kimraba hicho kilikuwa nyumba alimozaliwa. Mama yake bado aliishi humo.

Yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wa barabara ile pale ofisini. Barabara nzima ilikuwa mikononi mwake, ila uamuzi haukuwa wake. Alikwisha kumwendea mhandisi mkuu, bosi wake, mara mbili, na mara zote mbili akajibiwa kwamba maji lazima yaende mahali, na bonde ni bonde. Asubuhi hii aliona aibu kuomba tena, akaomba hivyo hivyo. Bosi akaguna, akatazama saa. Mchana faili lingekwenda saiti, kwenye ujenzi, liingizwe kwenye greda, mashine inayochonga barabara kwa kufuata mchoro, na likishatoka halirudi. Akasema kama angeweza kuyapeleka maji kulia bila kuongeza hata kalvati moja, na bila kumwagia nyumba ya mtu, basi ayapeleke.

Kulia hakukuwa na mtu. Wapima ardhi walipita huko mwaka uliotangulia, wakakuta nyasi na nguzo moja ya umeme.

Mama hakujua lolote kuhusu hekaheka hii. Miezi kadhaa nyuma aliwahi kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, kwamba hiyo barabara yenu maji yake yatamwagikia wapi. Binti hakuweza kumdanganya. Alimwambia yatakuja kwao, upande wa pili ndio utakaobaki mkavu. Mama akasema haya, na hakuuliza tena.

Mama ameshakata tamaa, binti alijiambia, na mimi na elimu yangu yote nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka nachora maji yatakayomzoa. Wala hakumwambia kwamba anahangaika. Hakutaka kumpa matumaini ya hewa.

Simu ikatetemeka mezani. Ni mama, na nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga.

"Mwanangu, una nafasi kidogo?"

"Nipo kazini, mama. Mnagonga nini?"

"Kaka yako huyu, anahangaika na mabati. Nilitaka nikwambie..."

"Nitakupigia mchana. Nakuahidi."

Akakata. Jamani, mtu aezeke upya nyumba inayosubiri kuzolewa! Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiganja na kurudi kwenye mstari wake.

Safari hii hakuuinua wote kwa pamoja. Aliufungua kutoka kwenye mtaro, akaushika nukta kwa nukta, hapa akipandisha sentimita tatu, pale tano, na kila nyekundu ilipowaka akarudi nyuma akaanza upya. Jasho lilimtoka na feni inazunguka juu ya kichwa chake. Jirani yake wa meza ya pili akamtania kwamba akizidi kusogeza uso kwenye kioo atatumbukia mtaroni. Hakuwa na nguvu ya kucheka.

Saa sita ikikaribia, nyekundu ya mwisho ikazimika. Mishale ikageuka mmoja baada ya mwingine, ikavuka kwenda kulia na kujikusanya yote chini ya ile nguzo ya umeme. Kimraba cha kushoto kikabaki kikavu.

Bosi akaja, akainama, akapitia ukingo wote kwa kidole. Akasema safi, akalituma faili mwenyewe. Kufuli ndogo ikatokea kwenye kona ya kioo. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuligusa, si mchoraji, si bosi.

Alitoka kwa furaha mpaka kwenye ngazi, akapiga simu. Safari hii nyundo zilikuwa zimenyamaza.

"Mama, nina habari njema."

"Anza kusikia yangu, maana nimeificha mpaka nimechoka," mama akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka. "Kule bondeni tumeng'oa mpaka bati la mwisho. Ulisema upande wa pili ndio mkavu, nami kazi yako sijawahi kuibishia. Leo tunalala nyumba mpya. Ukija huwezi kupotea, mwanangu, ni hapa chini ya nguzo ya umeme."