Ngumi na Mkono wa Koti

Bi Mwanakheri alikuwa na ua mmoja tu wa kutoa, na waliutaka wawili: binti yake Sikudhani afundishe karate, au mkwewe Mashavu afundishe judo. Basi wakatandika jamvi mbele yake.

"Wifi, leo utarudi kwenu na pua bapa," alisema Sikudhani.

"Ipige basi, nimekuletea."

Ngumi ikaja kwa kasi, ikasimama mbele ya pua bila kuigusa. Majirani wakacheka, wakasema amekosa.

"Hakukosa," alisema Mashavu. "Ameizuia mwenyewe. Mnadhani ni rahisi?"

Kisha akamkamata wifi yake mkono wa koti lake la karate, akambeba kiunoni, akambwaga puu. Lakini ule mkono hakuuachia. Aliuvuta juu, na kichwa cha Sikudhani hakikugonga chini.

"Ungeniachia nikaumia, ua ungekuwa wako," alisema Sikudhani, bado yuko chali.

"Nawe ungenipiga, ungekuwa wako."

Majirani wakamgeukia Bi Mwanakheri amtaje mshindi. Yeye alikuwa amenyoosha shingo kwa fahari kama siku ya harusi yake, akiwatazama wanawe wote wawili, na Mashavu bado ameushika ule mkono wa koti.