Neno SIYO

Tangu basi alilopanda kaka yake karani lipinduke asubuhi, simu yake haikupatikana. Karani huyo wa kumbukumbu za hospitali aliketi mbele ya kompyuta, mama yao amesimama nyuma yake.

Majeruhi wengi hawakujulikana majina, hivyo kwenye mstari wa kutafutia aliandika alama: mwanamume NA ajali ya basi NA kovu shavuni. Hakutokea mtu.

"Labda wameandika kidevuni," mama alisema.

Akaongeza: AU kidevuni. Bado patupu.

"Mbona hayupo, mwanangu? Si majeruhi wote wameletwa hapa?"

Hapo ndipo karani alipoona maneno ya mwisho ya mstari ule, aliyoyaandika mwenyewe bila kujijua: NA SIYO marehemu. Kompyuta ilikuwa inamtii tu, inamfichia waliokufa.

Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia.

"Mama, hebu kaa kwanza."

"Nikae kwa nini? Jaribu tena, basi."

Aliangalia kiti kitupu, akamwangalia mama, naye mama hakusogea hata kidogo. Akalifuta neno SIYO, herufi moja moja, ikabaki NA marehemu, akafumba macho na kubonyeza kitufe cha kutafuta.

Nyuma yake, mama akaanza kusoma kwa sauti rekodi iliyotokea.