Likizo ya Marehemu

Radiša alitaka auawe Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana.

Mazoezi ya vita yangechukua siku kumi, na kikosi chao kilikuwa na desturi yake: askari aliyehesabiwa amekufa hana kazi tena, anapewa likizo. Radiša aliitaka mno. Alhamisi ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao, na mama yake, Persida, alikuwa amemwandikia: "Daktari kanikataza kahawa, ngazi na hasira. Mkate wa sikukuu nitauoka. Usipokuja, mwanangu, nani ataukata? Moyo huu hauniahidi mwakani."

Basi akamwendea sajini Tihomir, mwamuzi, yule mwenye kitambaa cheupe mkononi, aliyeamua nani afe na nani aishi. Akamwekea chupa ya rakija, pombe kali ya matunda iliyopikwa nyumbani.

"Unataka ufe kwa kitu gani hasa?" Tihomir aliuliza, akinusa kizibo.

"Bomu, afande. Bunduki zitanichelewesha."

"Lakini ufe kiume. Mwaka jana mmoja alikufa huku anamenya kitunguu, kanali akanitukana mpaka bibi yangu."

Saa nne ndege mbili za vita zilichomoza nyuma ya kilima, chini kiasi cha kulaza mahindi, zikapita kwa kishindo juu ya daraja walilokuwa wakililinda. Hazikuangusha kitu. Tihomir alipuliza filimbi, akamnyooshea kidole Radiša, naye akajitupa mtaroni, akapiga ukelele, akarusha miguu, mpaka wenzake wakampigia makofi.

"Inatosha wewe, umeshakufa mara tatu," Tihomir alisema.

Katika hema la ofisi, karani Ljubinko aliandika bila kuinua kichwa.

"Jina. Kijiji. Jina la mama. Na picha."

"Picha ya nini tena, kaka?"

"Kanali kasema kila mtu afanye kazi yake kama vita kweli. Rubani kama rubani, karani kama karani. Lete picha, marehemu, wenzako wanasubiri."

Radiša akatoa ile aliyopigwa kwenye harusi ya binamu yake, anacheka meno yote nje. Karani akaibana kwenye fomu, akampa mtu wa pikipiki, na pikipiki ikaondoka na vumbi lake. Karatasi ya likizo ndiyo iliyochelewa. Ilingoja muhuri mpaka Jumatano jioni.

Alhamisi asubuhi aliteremka kwenye basi kijijini, mkobani ana kisu kipya cha mkate. Mlangoni mwa bekari alikutana na uso wake mwenyewe, unacheka, ndani ya mpaka mweusi, kwenye tangazo la kifo kama yale wanayobandikiwa marehemu wote wa pale. Kwenye mti wa kona, jingine.

"Ljubinko, punda wewe," alisema, akacheka. Kisha akaacha kucheka, akakaza mwendo.

Mama atalia kwanza, aliwaza, halafu atanikimbiza na mwiko.

Lango lao nalo lilikuwa na tangazo. Akanyoosha mkono alibandue.

Pembeni yake palikuwa na la pili, gundi yake bado mbichi. Persida, miaka sitini na mmoja. Amemfuata mwanawe wa pekee.