Safi ya Kitwitwi

Palikuwa na Chura aliyefukuzwa na povu la sabuni kijitoni kwao, akahamia dimbwi la ugenini. Mayai yalipomjaa tumboni, alitamani kuzalia kwao. Akamwona Kitwitwi, ndege wa kandokando ya maji, akipita.

"Kaka, habari za kijito chetu?"

"Safi, dada!" akajibu Kitwitwi bila kusimama, kama tujibuvyo wengi wetu.

Chura akamshukuru Mola, akaruka mpaka kwao. Kweli maji yalikuwa maangavu. Lakini alipochungulia chini ya mawe hakumkuta kaa. Akaita watoto wa kerengende, kimya. Hata mbu hakuwemo.

Kitwitwi akatua.

"Si ulisema safi?"

"Ala! Ulinisalimu, nikaitikia. Nani huitikia salamu kwa mabaya?"

"Sikukusalimu, kaka. Nilikuuliza."

Kitwitwi akainamisha kichwa. "Mungu anisamehe. Hata mimi sijapata mdudu humu tangu masika. Napita kwa mazoea tu."

Chura akachovya kidole majini, akakitoa, akageukia njia ya dimbwini.

"Nitakuuliza tena," akasema. "Usiniambie maji yakoje. Niambie nani amerudi."