Zamu ya Kupanda Rolakosta

Bi Rukia aliiona picha ile ukutani kwa mke mwenzake, Tausi: mume wao Shaame yuko naye kwenye rolakosta, ile treni ya kuporomoka ya bustani ya michezo, mikono juu, anacheka mpaka magego yanaonekana. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Rukia hakuwahi kuyaona magego yale. Akarudi nyumbani na wivu wake.

"Akinunuliwa yeye doti ya kanga, nami nanunuliwa," alimwambia mumewe. "Basi Jumamosi na mimi utanipandisha."

Jumamosi wakapanda. Treni ilipofika kileleni na kuporomoka, Rukia alipiga ukelele, kisha akashangaa kujikuta anacheka. Waliposhuka, mpiga picha akawapa picha yao. Rukia kinywa wazi, machozi ya kicheko yanamtoka. Shaame kashika chuma kwa mikono miwili, uso umemkauka kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Haya, haki yako nimekupa," alisema Shaame. "Twende nyumbani."

Rukia alimwachia picha mkononi, akaukaza ushungi wake, akarudi kwenye foleni peke yake. Safari hii aliketi pembeni yake mwanamume mtanashati asiyemjua, akamsalimia kwa tabasamu.

Treni ikipanda polepole, Rukia alichungulia chini. Shaame alikuwa ameung'ang'ania uzio, picha imekunjika kiganjani, kainyoosha shingo amwone vizuri huyo aliyekaa na mkewe.

Rukia akainua mikono yote miwili.